Somo la hiari: andika kwanza, ndipo uchague

Kwa anayejiandaa na mtihani wa utumishi wa umma wa India, ule unaoendeshwa na tume ya UPSC: tafadhali usichague somo la hiari, lile moja unalojichagulia mwenyewe, kwa kuwa tu waliofaulu mwaka jana walilichukua. Lina karatasi mbili za alama 250 kila moja, yaani 500 kati ya 1750 za mitihani ya kuandika. Ni nyingi mno kuamuliwa na uvumi.

Chukua masomo mawili unayoyafikiria. Soma mada moja ya kila somo kwa wiki moja, kisha funika daftari, tega saa, ujibu swali moja la karatasi za nyuma. Kwenye somo moja utakwama mstari wa nne. Kwenye jingine utajikuta unabana maandishi ili hoja zitoshe. Hilo la pili ndilo lako.

Tazama pia swali la 1 na la 5 katika kila karatasi ya somo hilo. Ni ya lazima, na hugusa mada nyingi kwa vipande vifupi, kwa hiyo ukiruka nusu ya mtaala utaumia hapo. Jiografia au historia husaidia kwenye karatasi za maarifa ya jumla, ila isiwe sababu yako ya kwanza.