Jedwali la safu nne kwa somo la uchunguzi: mfano wa kutu

Walimu wengi tunalijua jedwali la safu tatu: Tunajua, Tunataka kujua, Tumejifunza. Donna Ogle wa Marekani alilichapisha mwaka 1986 kwa ajili ya usomaji, na huko linafaa sana. Kwenye sayansi linapwaya. Mtoto akishaandika swali anakimbilia kitabu, ananakili jibu, basi. Kwa hiyo mimi huongeza safu moja kabla ya ile ya mwisho, inakuwa ya tatu: Tutajuaje?

Hatua ya 1: Andaa jedwali
Kunja karatasi ya manila katikati, kisha ikunje tena upande uleule. Ukiifungua una safu nne bila kuhitaji rula. Kama manila hazitoshi, kurasa mbili za daftari zinazotazamana zinatosha kikundi kizima.

Hatua ya 2: Tunajua
Weka mezani msumari wenye kutu na mwingine mpya, kisha nyamaza. Andika watakachosema kama kilivyo, hata “kutu inaletwa na jua”. Usikifute wala usikisahihishe. Kitie alama ya kuuliza.

Hatua ya 3: Tunajiuliza
Kila kikundi kichague swali moja linaloweza kupimwa. “Kutu ni nini?” liache kwanza. “Je, msumari utashika kutu pasipo maji?” hilo ndilo.

Hatua ya 4: Tutajuaje?
Hapa usiwe na haraka, hata kipindi kizima kikiisha. “Tutamuuliza mwalimu” haikubaliki. Wakibanwa kidogo, watafika kwenye chupa nne, kila moja na msumari wake:

A: maji ya bomba, chupa wazi
B: maji yaliyochemshwa yakapoa yakiwa yamefunikwa, juu yake mafuta ya kupikia kuzuia hewa
C: chupa kavu, imefungwa kabisa
D: maji ya chumvi, chupa wazi

Tumia misumari ya kawaida, uisugue kwa msasa na kuifuta mafuta. Misumari ya bati haifai: imepakwa zinki, mtangoja sana. Kabla ya kuziweka chupa zote kwenye dirisha moja, kila mtoto aandike anachotarajia kuona na sababu yake. Asiyeandika sasa, wiki ijayo atasema alijua tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Tumegundua
Wachungulie kila siku kwa wiki moja, wachore wanachokiona. Kwa kawaida A na D hushika kutu, D zaidi. B na C hubaki safi au karibu safi. Wakishajaza, warudi kwenye zile alama za kuuliza za safu ya kwanza, wajibu wenyewe. Aliyetaja jua aulizwe: chupa zote zilikaa dirisha moja, mbona C haina kutu? Shule za Tanga au Mombasa zina nyongeza ya bure: mabati ya karibu na bahari yalinganishwe na chupa D.

Ukisahihisha, alama nyingi zitoe kwa safu ya tatu. Swali lililobaki bila jibu, kama “mbona sufuria ya alumini haina kutu?”, lifungulie jedwali jipya.