Kabla Hujakubali Kumsaidia Mchina na Mtihani wa Siji

Ukisoma chuo chochote China, iwe Wuhan, Nanjing au Hangzhou, haupiti muda mrefu kabla Mchina mmoja wa darasani kwenu hajakufuata na ombi: tusome Kiingereza pamoja. Kwake wewe umetoka Afrika Mashariki, sekondari umefundishwa kwa Kiingereza, unaongea bila kukwama, kwa hiyo unajua. Nawe kwa uungwana unajibu, "Hamna shida." Shida zipo, ila si zile unazozitegemea. Huyo anayekuomba huenda amekariri maneno elfu kadhaa, tena anayaandika yote bila kukosea herufi, na bado ukimpa aya moja ya gazeti anakaa nayo robo saa. Hapungukiwi maneno. Amejifunza neno mojamoja, kila moja na tafsiri yake moja, na mtihani hauulizi hivyo. Ndiyo maana kuna mambo ya kuweka sawa kabla hamjakaa mezani.

Anza kwa kuujua mtihani wenyewe. Mara nyingi kinachomnyima usingizi ni Siji, jina ambalo wanafunzi wanauita mtihani wa taifa wa Kiingereza wa wanachuo, ngazi ya nne. Kwenye karatasi umeandikwa CET-4. Ulianza 1987, na mkubwa wake, Liuji, ukafuata 1989. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na alama za juu kabisa ni 710. Cheti hakisemi "amefaulu" wala "amefeli", lakini kila mtu anajua hesabu ni 425, maana bila hiyo hawezi kujiandikisha Liuji, na waajiri wengi huuliza hiyo hiyo. Miaka ya nyuma vyuo vingi vilikuwa havimpi mtu digrii mpaka aipite. Vingi vimelegeza, hofu ndiyo haijaondoka. Usajili unapitia chuoni kwake, tena mapema, mwanzoni mwa muhula. Muulize kama ameshajiandikisha kabla hamjapanga ratiba ya miezi mitatu kwa mtihani ambao hatoukalia.

Jambo jingine ni malipo, na hapa nasema wazi kwa sababu ndugu zetu kadhaa hulichukulia kwa wepesi. Kama upo kwa viza ya masomo, kufundisha kwa pesa bila idhini ya chuo na uhamiaji ni kazi haramu kwa sheria ya kuingia na kutoka nchini iliyoanza kutumika Julai 2013. Faini ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likionekana kubwa unaweza kuwekwa ndani. Njia salama na yenye faida zaidi ni kubadilishana: saa moja Kiingereza chake, saa moja Kichina chako. Vyuo vingi vinawadai wageni HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ya ngazi ya nne au ya tano, na kwa mpangilio wa zamani wa ngazi sita, ya nne peke yake ni maneno 1,200. Huyo rafiki ana kitu unachokihitaji. Mkikubaliana hivyo tangu mwanzo, hakuna anayejiona anadaiwa.

Kisha tafuteni vya kusoma kabla hamjavihitaji. Google haifunguki, YouTube haifunguki, na Wikipedia ilifungwa kwa lugha zote mwaka 2019, kwa hiyo ile tabia ya nyumbani ya "ngoja nitafute makala sasa hivi" haifanyi kazi kule. Kama unakwenda likizo, rudi na makala kwenye flashi. China Daily, gazeti la Kiingereza lililoanza 1981, linapatikana bila usumbufu, na lina faida moja watu hawaioni: linaandika habari ambazo mwanafunzi ameshazisikia kwa Kichina. Anapokutana na neno asilolijua, anaijua habari, kwa hiyo ana pa kubahatishia. Kwa mwezi wa kwanza hilo linatosha.

Mitihani ya nyuma atakuwa nayo, hiyo usiwe na wasiwasi. Kila duka la vitabu karibu na chuo linaiuza. Angalia tu toleo alilonunua. Mengi yana tafsiri ya Kichina chini ya kila mstari, na jicho la mtu aliyechoka litakwenda kwenye Kichina tu, hata akiapa kwamba halitakwenda. Mwambie atafute lile lenye tafsiri nyuma ya kitabu, au azikate hizo kurasa akupe wewe ukae nazo.

Siku ya kwanza usifundishe kitu. Mpe kifungu kimoja cha mtihani wa nyuma, maneno mia tatu hivi, apige mstari chini ya kila neno asilolijua, halafu hesabuni. Mwaka 2000 watafiti wa lugha Marcella Hu na Paul Nation walionyesha kwamba wasomaji wengi walihitaji kujua kama maneno 98 kati ya kila 100 ili waelewe hadithi bila kusaidiwa. Maana yake, mistari sita kwenye kifungu cha maneno mia tatu inavumilika; mistari thelathini ni kwamba mmeanzia juu mno. Kinachoshangaza ni pale unapokuta mistari minne tu, na bado hawezi kukuambia kifungu kinazungumzia nini. Huyo ndiye wa kawaida. Usimuulize "umeelewa?", kwa sababu jibu ni "ndiyo" siku zote, na sisi nasi tungejibu hivyo hivyo. Mwambie akusimulie kwa Kichina. Kama Kichina chako bado kichanga, aseme polepole. Faida inakuwa yenu wote wawili.

Sasa maneno. Kitabu cha kukariri msamiati anacho tangu sekondari, kile kinachokwenda kwa mpangilio wa alfabeti, na wanachuo wa China wana utani wao kwamba neno la kwanza ni "abandon", yaani kuacha na kutelekeza, nao wakalitii hapohapo. Orodha ya Siji ina maneno kama 4,500, na mengi ameshayapitia kwa ajili ya gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Simu yake pia ina programu ya kukariri, pengine Baicizhan yenye picha au Momo, inayomrudishia neno kila linapokaribia kumtoka. Wazo hilo linatokana na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyepima mwendo wa kusahau mwaka 1885, na Wachina wanamtaja kama vile jirani yao. Usimkataze hiyo programu. Inafanya kazi yake vizuri. Kazi yako ni ile isiyofanywa na programu: maneno anayodhani anayajua.

Mfano ni "address". Analijua tangu darasa la tatu, ni anwani, kwisha. Kwenye mtihani serikali "inaaddress" tatizo, yaani inalishughulikia, na yeye anaona serikali inapelekea tatizo barua. "Novel" kwake ni riwaya, kwa hiyo sentensi yenye njia "novel", yaani mpya, ya kutibu ugonjwa inakuwa kitendawili. Haya hayapigii mstari, kwa sababu kwake si mageni, na ndiyo yanayomwangusha kuliko yale marefu ya kutisha. Kabla ya vikao, pitia mitihani miwili au mitatu ya nyuma ukusanye maneno mepesi yaliyotumika kwa maana ya pili. Kila moja liandike ndani ya sentensi yake, na tafsiri ya Kichina isikae upande wa pili wa kadi. Ikae sentensi nyingine yenye neno hilo hilo.

Majina nayo yanahitaji maandalizi, jambo ambalo hakuna anayelifikiria. Kichina hakina herufi kubwa wala hakiachi nafasi kati ya maneno, na majina ya kigeni hugeuzwa yakaandikwa kwa herufi za Kichina. Kwa hiyo mwanafunzi anayekutana na jina la mtu au mji katikati ya sentensi ya Kiingereza huweza kulichukulia kama neno la kawaida asilolijua, akaanza kulitafuta kwenye kamusi ya simu. Hata majina ya kwao humpotea: Confucius ni Kongzi, na Sun Yat-sen ni yule anayemwita Sun Zhongshan tangu yuko chekechea. Mzoeshe kwamba herufi kubwa katikati ya sentensi ni ruhusa ya kupita bila kusimama.

Kitu kikubwa kuliko vyote, na hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wenu wote, ni sentensi ndefu. Wenyewe wanaziita changnanju, ndefu na ngumu, na kuna walimu wanaozifundisha hizo tu. Wewe ugumu wenyewe huuoni, kwa sababu Kiswahili kinakwenda njia moja na Kiingereza hapa. Chukua hii: "Ripoti ambayo kamati iliitoa wiki iliyopita kuhusu shule za vijijini imepata lawama." Umeitaja ripoti kwanza, kisha ukaieleza. Kiingereza hufanya hivyo hivyo. Mchina huanza na maelezo yote, kitu chenyewe akakiweka mwisho: kamati, wiki iliyopita, iliyotoa, kuhusu shule za vijijini, ripoti, imepata lawama. Akisoma Kiingereza, anaipata ripoti mwanzoni wakati ameizoea mwishoni, kwa hiyo anaishikilia mkononi akisubiri mambo mengine, na akifika kwenye "imepata lawama" ameshasahau ni nani aliyelaumiwa. Anaporudi nyuma kuanza upya hajakosa akili. Anaipanga upya sentensi nzima kichwani.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini inatibu. Kila siku sentensi tatu tu, kutoka mitihani ya nyuma. Aanze kwa kutafuta kitenzi kikuu, akizungushie duara. Kisha amtafute mwenye kitenzi hicho. Vilivyobaki avifunge kwenye mabano kwa penseli, asome sentensi fupi iliyobaki nje ya mabano, halafu ndipo afungue bano mojamoja. Usimruhusu atafsiri kwa Kichina katikati ya zoezi hili. Vitenzi vya Kichina havibadiliki kwa wakati wala kwa mtendaji, ndiyo maana jicho lake halina mazoea ya kuwinda kitenzi kwa umbo lake. Sisi tuliozoea ali-, ana- na ata- mbele ya kitenzi tunaona ni jambo la kuzaliwa nalo.

Zoezi hilo ndilo litakalombeba kwenye sehemu ya kusoma, ambayo ni asilimia 35 ya mtihani, sawa na kusikiliza. Insha na tafsiri kila moja ni asilimia 15. Kusoma kumegawanyika mara tatu. Kwanza mapengo kumi ya kujaza kutoka maneno kumi na tano, asilimia 5. Halafu makala ndefu yenye aya zilizopewa herufi, na kauli kumi za kuoanisha na aya hizo, asilimia 10. Mwisho vifungu viwili vyenye maswali matano kila kimoja, asilimia 20. Piga hesabu: swali moja la mwisho lina thamani ya mapengo manne. Pamoja na hayo, wengi huanzia kwenye mapengo kwa sababu yapo ukurasa wa kwanza, wakamaliza robo saa humo, na vifungu vya mwisho wakavijaza kwa kubahatisha. Mpangilio nitakaomshauri mtu yeyote ni kuanza na vifungu viwili, kisha aya za kuoanisha, mapengo mwisho. Azoee kufanya hivyo kwenye mazoezi, asije akajaribu mara ya kwanza siku ya mtihani.

Kwa mapengo yenyewe kuna maandalizi mamoja tu ya maana: kabla ya kusoma kifungu, ayapange yale maneno kumi na tano kwa aina. Nomino huku, vitenzi kule, vivumishi na vielezi peke yao. Kichina hutumia neno lile lile kwa umbo lile lile kama nomino na kama kitenzi, kwa hiyo miishio ya Kiingereza amekuwa akiipita kama pambo. Hapa ndipo inapomlipa. Mapengo mengi yanabaki na majibu mawili au matatu yanayowezekana hata kabla hajajua kifungu kinahusu nini.

Wiki ya mwisho hakuna maneno mapya. Siji huanza saa tatu asubuhi na kwisha saa tano na dakika ishirini, basi afanye mtihani mzima wa nyuma saa hizo hizo, mezani, simu ikiwa mbali. Insha ni nusu saa, kusikiliza dakika 25, na kusikiliza kukiisha tu karatasi ya kwanza ya majibu hukusanywa papo hapo. Asiyeyahamishia majibu yake humo ameyapoteza. Zinabaki dakika sabini za kusoma na kutafsiri kwa pamoja, naye mwenyewe ndiye mwenye kuzigawa. Dakika arobaini za kusoma zisizidi, kwa sababu tafsiri ya Kichina kwenda Kiingereza haiandikiki kwa haraka.

Vifaa avikague usiku uliotangulia: kitambulisho cha taifa, kadi ya mwanafunzi, kibali cha mtihani kilichochapishwa, penseli ya 2B ya kutia vivuli na kalamu nyeusi. Kwenye vyuo vingi sauti ya kusikiliza hurushwa kwa mawimbi ya FM, kila mmoja na spika zake za masikioni, na masafa hutangazwa na chuo. Azijaribu siku ya majaribio ambayo chuo huipanga, na betri aweke mpya.