Una mimba? Anza kupunguza sumu hapo hapo nyumbani

Wadada wenye mimba na mnaotafuta, kwanza kabisa usonji (autism) hauna sababu moja, sehemu kubwa ni vinasaba, so kama tayari una mtoto mwenye usonji usikubali mtu akwambie umejitakia. Ila kuna sumu zinazoonekana kuongeza hatari na nyingine tunaziingiza ndani wenyewe.

Dawa za wadudu ndo zinanitisha zaidi. Kule California watafiti wa chuo kikuu cha UC Davis walitoa majibu 2014, wamama waliokaa karibu na mashamba yanayopigwa dawa, kama kilomita moja na nusu hivi, hatari ilipanda kwa karibu asilimia 60. Sio kwamba watoto 60 kwa 100 wanapata, hapana, ile hatari ndogo iliyokuwepo ndo imeongezeka. Moja ya dawa zilizotajwa ni klopirifosi, chupani utaiona chlorpyrifos, na huku kwetu mafundi wanaimwaga kwenye msingi kuzuia mchwa! Kama mnajenga mwambie mzee asubiri ujifungue, au atafute njia nyingine. Bomba la dawa usibebe, na nguo alizopigia dawa shambani azifue mwenyewe kwenye beseni lake, usizichanganye na zenu.

Halafu udongo tunaokula. Najua utamu wake, kile kijiti cha pemba ukikivunja kinatoa vumbi na harufu kama mvua ya kwanza, lakini udongo huo ukipimwa unakutwa na madini ya risasi na arseniki. Hamu ikizidi nenda kliniki wakupime damu, mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, meza zile FEFO zako (vidonge vya madini ya chuma na foliki) kila siku, na foliki ni vizuri ianze hata kabla ya mimba. Risasi nayo inajificha kwenye mifupa miaka na miaka, mwili ukichota kalsiamu kwa ajili ya mtoto inatoka nayo, ndo maana nasema kula dagaa na unywe maziwa. Papa na samaki wakubwa wa baharini punguza, wana zebaki.

Zebaki ipo pia kwenye mkorogo. Geuza kopo usome, ukiona calomel au mercuric, au wamekukataza kuipaka ukiwa na pete ya dhahabu, hiyo tupa, na kopo lisilo na maandishi kabisa usiguse.

Na moshi pia, jiko la mkaa toa nje, kuchoma taka waachie wengine.

Na wewe unayemeza valproate ya kifafa, hii ni dawa kweli lakini utafiti wa Denmark wa 2013 ulikuta usonji kwa watoto 4 hivi kati ya 100 waliopitia dawa hiyo tumboni, wakati kwa kawaida ilikuwa kama 1 na nusu. Tafadhali usiiache ghafla, degedege linaweza kukuua wewe na mtoto, wahi kwa daktari wako wiki hii hii umwambie una mimba au unatafuta, yeye ndo aamue jinsi ya kukubadilishia.