Jinsi ya Kudhibiti Shamba la Mahindi ya Dawa

Anayepewa jukumu la kusimamia mazao yaliyobadilishwa vinasaba ili yatoe dawa au malighafi ya viwandani aanze kwa kulichunguza zao lenyewe, kabla hajagusa fomu ya kibali. Mahindi huchavushwa kwa upepo na ni chakula cha watu wengi, kwa hiyo naona ni salama zaidi kutanguliza zao lisiloliwa, kama vile tumbaku.

Ikilazimu yawe mahindi, kibali kitaje umbali. Mwaka 2003, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliagiza mahindi ya dawa yanayochavushwa kwa upepo yatengwe na mengine kwa maili 1, yaani kilomita 1.6 hivi, na yazungukwe na ukanda mtupu wa futi 50. Mashine za kupandia na kuvunia nazo zitengwe.

Kazi ngumu huja msimu unaofuata. Mwaka 2002, huko Nebraska, Marekani, mahindi ya dawa ya kampuni ya ProdiGene yalijiotea ndani ya soya iliyopandwa palepale, yakavunwa pamoja nayo, na takriban busheli 500,000 (kipimo cha nafaka cha Marekani) za soya zilizokuwa ghalani zikalazimika kuharibiwa. Kwa sababu hiyo mkaguzi arudi shambani baada ya mavuno, apite mstari kwa mstari, ahakikishe kila mche uliojiotea umeng'olewa kabla haujatoa mbelewele, na asiruhusu zao la chakula kupandwa hapo msimu huo. Faini pekee haitoshi. Mwenye kibali aweke dhamana ya fedha ya kugharamia usafishaji kabla mbegu ya kwanza haijapandwa.