Kupunguza wanga kwa bei ya gengeni: mwongozo wa jiko la Dar

Wengi wakiamua kupunguza wanga hukimbilia supamaketi kutafuta unga wa lozi, jibini na mafuta ya zeituni. Wiki mbili baadaye hela imekwisha na ugali umerudi mezani. Vitu hivyo huvihitaji. Genge la mtaani, bucha na Soko la Feri vinatosha, ilimradi ukubali jambo moja: kitoweo na mboga ndivyo vinakuwa chakula chenyewe, na ugali unatoka au unabaki tonge mbili za kuonja.

Kabla ya kuwasha jiko: kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, zungumza na daktari wako kwanza. Wanga ukipungua huku dozi ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito nao waulize kwanza.

Hatua ya 1: Jua wanga wako unatoka wapi

Robo kilo ya unga wa sembe ina karibu gramu 190 za wanga. Watu wawili wakigawana ugali wake, kila mmoja kala kama gramu 95 kabla hajagusa kitu kingine. Sahani ya wali ya gramu 250 ina kama gramu 70. Mipango mingi ya kula wanga mchache hulenga chini ya gramu 130 kwa siku nzima, kwa hiyo mlo mmoja wa kawaida unaweza kumaliza sehemu kubwa ya hesabu yako.

Hapa ndipo watu hujidanganya kwa dona, mtama na ulezi. Vina nyuzinyuzi zaidi na vina faida zake, lakini wanga wake haupishani sana na wa sembe. Muhogo, viazi vitamu na ndizi za kupika navyo ni wanga, hata kama vimetoka shambani kwa bibi. Maharage yako katikati: kikombe kimoja kilichoiva kina kama gramu 40, ingawa sehemu nzuri ya hizo ni nyuzinyuzi. Yale kama kitoweo cha pembeni, usijaze bakuli.

Halafu kuna vinywaji. Soda ya chupa ndogo ina takriban gramu 35 za sukari. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja vinafika huko huko na kupita. Kuacha hivi hakuhitaji pishi lolote, na hela inabaki mfukoni.

Hatua ya 2: Nunua kwa hesabu ya protini

Usilinganishe bei ya kilo kwa kilo, maana kilo ya dagaa wakavu na kilo ya nyama mbichi ni vitu viwili tofauti. Linganisha protini. Yai moja lina kama gramu 6. Gramu 100 za nyama au samaki mbichi asiye na mifupa zina kama 20. Gramu 100 za dagaa wakavu zina karibu 60, yaani sawa na mayai kumi. Chukua bei ya trei, gawanya kwa 30, zidisha kwa 10, kisha iweke pembeni ya bei ya gramu 100 za dagaa pale unaponunua. Mara nyingi dagaa hushinda, na baada ya hesabu hiyo hutawaita tena chakula cha shida.

Feri nenda asubuhi, na uwatafute vibua: wana mafuta, wana mifupa michache ya kusumbua, na bei yake huwa chini ya changu na kolekole. Funua shavu; likiwa jekundu na jicho limejaa, chukua. Shavu la kahawia na jicho lililozama, pita hata ukipunguziwa nusu. Kuparuliwa kunalipiwa kando, na vibua wadogo unaweza kuwaparua mwenyewe nyumbani.

Buchani ulizia maini, na kwa wauza kuku ulizia firigisi, shingo na maini ya kuku. Utumbo na kongoro ni rahisi kununua, lakini hula gesi au mkaa kwa saa kadhaa. Ukivipika, pika vya siku mbili kama una friji. Kama huna, faida ya bei inaishia jikoni.

Gengeni chukua kabichi, mchicha, matembele, chainizi, bilinganya, bamia, nyanya chungu na parachichi. Karoti na vitunguu ni viungo, visiwe mboga yenyewe. Soseji na kebabu za mtaani huchanganywa na unga au mkate, kwa hiyo usizihesabu kama nyama. Chipsi mayai ukila mayai ukaacha chipsi bado umelipia viazi. Mwambie muuzaji akukaangie mayai matupu na kachumbari, uongeze mishikaki.

Hatua ya 3: Kabichi inayokaa mahali pa wali

Hii ndiyo ya kuijua vizuri kuliko zote, kwa sababu inabeba mchuzi wa aina yoyote. Ya watu wanne:

- Kabichi kilo 1, ngumu na nzito
- Chumvi kijiko 1 cha chai
- Mafuta vijiko 2 vya mezani
- Kitunguu swaumu punje 3
- Pilipili manga au binzari nyembamba kidogo

Kata kabichi vipande vinne, toa moyo mgumu, kisha ikatekate ndogo kwa kisu kikali mpaka ikaribie punje za mchele mnene. Kukuna ni haraka zaidi, lakini tumia upande wenye matundu makubwa. Matundu madogo yanatoa uji.

Nyunyiza chumvi, changanya kwa mkono, acha dakika 15. Kisha kamua kwa viganja, fungu dogo dogo, mpaka maji yaache kuchuruzika. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Kabichi ina maji mengi mno, na yakibaki ndani utakuwa unachemsha wakati unadhani unakaanga. Chumvi nyingi hutoka na maji hayo, ila onja kabla ya kuongeza nyingine.

Bandika karai au kikaango kipana, moto mkali. Mafuta yakipata moto weka kitunguu swaumu, sekunde chache tu, kisha kabichi. Geuza kwa mwiko dakika 4 hadi 5. Usifunike. Ukifunika, mvuke unarudi chini, kabichi inalegea na inatoa ile harufu nzito ya kabichi iliyochemshwa inayowafanya watoto wakimbie meza. Ukitaka kujua imeiva, bonyeza punje moja kwa kidole: inakubali kubonyea lakini haisagiki, na kingo zake zimeanza kuwa na rangi ya kahawia kidogo.

Kama kikaango chako ni kidogo, pika kwa mafungu mawili. Kukijaza ni sawa na kukifunika.

Kila sahani hapa ina kama gramu 8 za wanga ukiondoa nyuzinyuzi.

Hatua ya 4: Dagaa wa nazi wasio na mchanga wala uchungu

Ya watu wanne:

- Dagaa wakavu wa Mwanza gramu 250
- Nazi 1
- Nyanya 3, kitunguu maji 1, pilipili hoho nusu
- Mafuta vijiko 3 vya mezani
- Binzari ya manjano nusu kijiko cha chai
- Ndimu 1, chumvi

Wakati wa kununua, chota kiganjani. Dagaa wazuri wanang'aa fedha, ni wakavu na wanavunjika. Walioanikwa kwenye vichanja wana mchanga kidogo kuliko walioanikwa chini. Walio na rangi ya manjano na harufu kali ya mafuta yaliyooza waache. Uchungu huo hakuna kiungo kinachouondoa. Dagaa wa baharini waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kukaushwa ni watamu, ila kwao usitie chumvi mpaka mwisho.

1. Toa vichwa. Sehemu ya uchungu iko kichwani na kwenye utumbo unaotoka nacho. Ni kazi ya dakika ishirini hivi, fanya umekaa.

2. Wakaange wakavu bila mafuta, moto mdogo, dakika 3. Wanakakamaa, kwa hiyo hawatavunjika wakati wa kuosha.

3. Waweke kwenye beseni la maji ya moto, siyo yanayotokota, dakika 5. Wasugue taratibu kwa vidole, kisha wanyanyue kwa mkono kuwatia kwenye beseni jingine. Usiwamimine kwenye chujio: mchanga umetulia chini, na ukimimina unawarudishia wote juu. Rudia kwa maji safi mpaka chini ya beseni pasibaki punje. Mara tatu au nne kwa kawaida.

4. Wachuje, wapanguse, kisha wakaange kwa mafuta mpaka wawe wakavu na wapige kelele ukiwatikisa. Watoe. Dagaa akiingia kwenye tui akiwa na maji, mchuzi mzima unanuka shombo.

5. Kuna nazi, kamua tui zito kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, uliweke pembeni. Kamua tui jepesi kwa kikombe cha pili. Machicha usitupe.

6. Kwenye mafuta yaliyobaki kaanga kitunguu, binzari, kisha nyanya mpaka zivurugike na mafuta yajitenge pembeni. Tia tui jepesi, hoho na dagaa, acha dakika 8.

7. Punguza moto, mimina tui zito, na uendelee kukoroga upande mmoja mpaka lianze kuchemka. Likichemka kwa nguvu bila kukorogwa litakatika, mafuta juu na mabonge chini. Likikatika bado linaliwa, ila halipendezi. Dakika 5 zinatosha. Epua ndipo ukamulie ndimu. Ikiingia mapema nayo inakata tui.

Sahani ya dagaa hawa pamoja na ile kabichi haifiki gramu 20 za wanga, na ina protini kama gramu 30.

Kwa joto la Dar chakula cha nazi kilichopikwa mchana huanza kuchacha jioni kama hakijawekwa kwenye friji. Pika cha mlo mmoja. Dagaa waliokaangwa peke yao, kwenye kopo lenye mfuniko, wanakaa siku kadhaa, kwa hiyo osha na kaanga nusu kilo kwa mkupuo, na nazi uikune siku ya kupika.

Hatua ya 5: Chapati ya machicha

Machicha ndiyo mbadala wa unga wa lozi, na umeshayalipia. Yatandaze kwenye sinia, funika kwa kitambaa chepesi, anika mpaka yakauke kabisa. Masika jua halitabiriki, basi yakaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza kwa dakika 15 hadi 20. Yakibaki na unyevu yatanuka baada ya siku mbili. Yakikauka, twanga au saga kwa blenda, uchekeche.

Piga mayai 4, tia vijiko 5 vya mezani vya machicha, vijiko 3 vya maji na chumvi. Acha dakika 10 machicha yanyonye. Paka kikaango mafuta, moto mdogo, mimina duara la ukubwa wa kisahani. Geuza pale juu pasipotiririka tena. Zinapatikana nne.

Zikivunjika, sababu ni moja kati ya hizi: machicha hayakusagwa laini, hukusubiri, au umetaka ya ukubwa wa chapati ya mgahawani. Hii haina kinachonata kama ngano, yai pekee ndilo linaloishika.

Hatua ya 6: Majani

Mchicha, chainizi na matembele: osha kabla ya kukata, pika bila kuongeza maji, dakika 5, mafuta au karanga zilizosagwa vijiko 2. Hakuna zaidi.

Kisamvu kina masharti yake. Kina sumu ya sianidi kikiwa kibichi, hivyo lazima kitwangwe na kichemshwe vizuri, dakika 45 au zaidi, sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke. Nazi inaingia baada ya hapo.

Hatua ya 7: Sufuria moja, walaji wawili

Nyumba nyingi ina mmoja anayepunguza wanga na wengine wanaotaka ugali wao. Usipike vyakula viwili. Pika kitoweo kimoja, ongeza kiasi chake kwa theluthi, na kabichi iwe ya wote kama mboga. Wewe utajaza nusu ya sahani, wenzio watachota kijiko. Unga upungue kwa sehemu yako, na hela yake iende kwenye dagaa au mayai.

Njaa ya saa kumi jioni karibu kila mara inatokana na kuondoa ugali bila kuweka kitu mahali pake. Ongeza nusu parachichi au yai la kuchemsha mchana, usiwe mchoyo wa tui. Kichwa kuuma na kizunguzungu katika siku za mwanzo mara nyingi ni maji na chumvi zilizopotea: kunywa maji, na kikombe cha supu yenye chumvi kinasaidia, isipokuwa kama una shinikizo la damu, hapo muulize daktari. Choo kikiwa kigumu, umekula nyama ukasahau majani.