Kabla ya kununua mkataba wa ada ya chuo Marekani, pima uhai wa mfuko

Majimbo kadhaa ya Marekani huuza mikataba ya ada: mzazi analipa leo, na mtoto akiingia chuo kikuu cha umma mfuko unamlipia ada ya wakati huo, hata iwe imepanda vipi. Mfuko ukiahidi zaidi ya ulichonacho, mzazi ndiye anayeumia. Alabama ilifikia hapo baada ya masoko ya hisa kuporomoka mwaka 2008. Hatimaye wenye mikataba walilipiwa kwa viwango vya ada vya 2010, nyongeza wakaitoa mifukoni mwao wenyewe.

Anza na ripoti ya mwaka ya watakwimu bima, wataalamu wanaokadiria kama mfuko utatosha kulipa ahadi zake. Gawanya mali za mfuko kwa thamani ya leo ya ahadi zake. Mali zikiwa dola milioni 400 na ahadi milioni 500, mfuko una asilimia 80 ya fedha unazohitaji. Angalia miaka mitano, si mmoja: 80 inayopanda ni afadhali kuliko 95 inayoshuka.

Kisha fungua ukurasa wa makadirio, ambao wanunuzi wengi huuruka. Tafuta faida ya uwekezaji inayotarajiwa na kasi ya kupanda kwa ada. Ada ya dola 10,000 ikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 18 inafika kama 17,000. Ikipanda kwa 6, inapita 28,500. Mfuko uliopiga hesabu kwa 3 hauwezi kuhimili 6.

Ada hupandishwa na bajeti ya jimbo. Uchumi ukiyumba, mapato ya kodi hushuka, na vyuo vikuu hukatiwa ruzuku mapema kwa sababu vinaweza kufidia pengo kwa kuwapandishia wanafunzi ada. Shule za watoto na magereza haviwezi. Wakati huohuo hisa za mfuko nazo zimeanguka. Kwa hiyo gawanya ruzuku ya jimbo kwa idadi ya wanafunzi wa vyuo vya umma, ulinganishe miaka kumi. Jimbo linalouza mikataba huku likipunguza ruzuku linajiongezea deni kwa mkono wake.

Soma neno kwa neno kipengele cha dhamana, yaani nani atalipa mfuko ukipungukiwa. Florida inadhamini mpango wake kisheria. Mpango wa zamani wa Texas unalindwa na katiba ya jimbo, ingawa ulifungiwa wanunuzi wapya mwaka 2003, bunge liliporuhusu vyuo kujipangia ada. Ukikuta tu kwamba gavana ataliomba bunge fedha, hiyo si dhamana. Illinois iliacha kuuza mikataba mwaka 2017, na wenye mikataba walisubiri hadi 2022 ndipo jimbo likatia zaidi ya dola milioni 200 kwenye mfuko.

Ukiwa na mkataba tayari, usikimbilie kuuvunja. Omba kwa maandishi kiasi utakachorudishiwa, ukilinganishe na ada ya sasa. Ukichukua taslimu kwa matumizi yasiyo ya masomo, sehemu ya faida hutozwa kodi ya mapato na adhabu ya asilimia 10. Kuhamishia fedha kwenye akaunti nyingine ya 529 (mpango wa akiba ya masomo wenye nafuu ya kodi) ya mtoto huyohuyo kunaruhusiwa mara moja katika miezi 12. Ukipewa hundi mkononi, iweke ndani ya siku 60.