Somo: Siku tatu za kupumzika Lamu bila kupwelewa

Anayekuja Lamu kupumzika hana haja ya ratiba ndefu. Ana haja ya kujua maji yanajaa saa ngapi, basi. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hayafikiki maji yakikupwa. Njia ya pwani ya kwenda kijiji cha Shela hufunikwa mahali mahali wakati wa bamvua, yaani maji makubwa. Na dau likikawia ndani ya hori la mikoko, yaani mkono mwembamba wa bahari, hupwelewa na abiria wake ndani, wakakaa kwenye tope na mbu si chini ya saa saba mpaka maji yarudi. Kwa hiyo somo hili linaanza na mwezi, hoteli itajijua.

Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya kukata tiketi

Tafuta tarehe ya mwezi mwandamo ya siku utakazokuwa Lamu. Humu "mwezi 5" ni siku ya tano tangu mwezi kuandama, si Mei. Mwezi 1 hadi 3 na mwezi 15 hadi 17 ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana. Mwezi 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana.

Hesabu ya haraka ni hii. Mwezi mosi maji hujaa karibu saa kumi na nusu alasiri. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayofuata. Mfano, mwezi 5: siku nne mara 50 ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20. Maji yatajaa karibu saa mbili kasoro dakika kumi usiku. Kujaa kwa asubuhi hutangulia kwa saa kumi na mbili na dakika 25 hivi, kwa hiyo ni kama saa moja na dakika 25. Kati ya kujaa na kupwa kuna saa sita na kidogo, basi siku hiyo maji yatakupwa kama saa saba na nusu mchana. Ikifika mwezi 16 anza hesabu upya kutoka saa kumi na nusu.

Hesabu hii ni ya kupangia safari tu. Siku yenyewe muulize nahodha, maana yeye ameamka nayo.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, fika mwezi 12 au 13. Hapo maji ya kujaa huangukia kati ya saa saba na saa kumi za mchana, siku hadi siku, na jioni unapata mbalamwezi. Epuka kusi, upepo wa kutoka kusini, iliyo kali Juni hadi Agosti, kama shabaha yako ni kuogelea nje ya kisiwa. Kama shabaha ni kahawa na baraza, kusi ina raha zake: kuna upepo na wageni wachache.

Hatua ya 2: Kuingia

Ndege hutua kisiwa cha Manda, na boti hukuvusha kwa muda mfupi tu. Kwa basi, njia hupita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Safiri mchana na uwe na kitambulisho karibu, vizuizi vya ukaguzi ni vingi. Mizigo ifunge katika mfuko wa plastiki ndani ya begi, kwani kusi ikivuma mawimbi hurusha maji ndani ya boti. Masanduku ya magurudumu hayana kazi Lamu. Vichochoro vina ngazi na mawe, na mzigo hubebwa na hamali, mkokoteni au punda. Patana bei kabla sanduku halijainuliwa.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, mjini tu

Usipande chombo siku ya kwanza. Zunguka kwa miguu asubuhi, mpaka saa nne na nusu. Mji umeuelekea mkondo wa Manda, upande wa mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi hupiga moja kwa moja nyumba za ukingoni. Ndio wakati wa picha. Jioni jua huzama nyuma ya mji. Anayeyataka machweo apande dau, ayatazame kutoka majini.

Anza na Nyumba ya Waswahili, ndani ya mtaa wa Mkomani, kabla ya Makumbusho ya ukingoni. Wengi hufanya kinyume, wakaangalia vyombo kabla ya kujua vilikaa wapi. Mle ndani simama katikati ya chumba na unyooshe macho juu. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti huwa na urefu wa kama mita tatu hivi tu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu kama ukumbi lakini vyembamba. Si mtindo, ni ukomo wa mti. Kisha angalia ukuta wa ndani kabisa, ule wenye zidaka: safu juu ya safu za vishimo vilivyochongwa kwa chokaa. Sogeza kichwa pembeni uone jinsi kivuli kinavyobadilika.

Baadaye Ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, na uwanja wake wa Mkunguni. Halafu shuka mtaa wa Langoni hadi Msikiti wa Riyadha, chuo cha Habib Swaleh, mwanachuoni aliyekianzisha. Kwa nje unatazama kwa heshima. Kuingia, omba ruhusa.

Kula: asubuhi mahamri na mbaazi, jioni mkate wa mofa, viazi karai, na kahawa chungu barazani. Ukialikwa kahawa, kunywa taratibu na usimwage masalio chini ya miguu ya mtu.

Na punda. Usikiapo kelele za kuomba njia nyuma yako, bana ukutani upande mmoja. Usirukie katikati, punda mwenye shehena ya mawe hana breki.

Hatua ya 4: Shela kwa miguu

Ni kama kilomita tatu, dakika 40 hadi 45. Nenda saa mbili au tatu kabla ya maji kukupwa, uwe na nafasi ya kwenda na kurudi. Bamvua likijaa, sehemu za njia hufunikwa. Ama utembee ndani ya maji umeshika viatu, ama upande njia ya juu yenye mchanga mzito, ama ulipe boti.

Ufuo wa Shela una urefu wa kama kilomita 12 na ukishaacha mwanzo wake hakuna kivuli, hakuna duka. Lita mbili za maji kwa kila mtu, kofia, na usiende mbali kuliko unavyoweza kurudi. Vilima vya mchanga usiviteleze wala kuvichimba: chini yake ndimo yanamotunzwa maji matamu ya kisiwa.

Mavazi ya kuogelea yabaki ufuoni. Ukiingia kijijini, jifunge kanga au vaa shati.

Hatua ya 5: Takwa

Hapa ndipo hesabu ya maji inapolipa. Takwa ni mji uliohamwa, ndani ya Manda, uliostawi karne ya 15 hadi ya 17. Njia yake ni hori lililozungukwa na mikoko, na chombo hupita kwa usalama kuanzia saa moja na nusu kabla ya maji kujaa hadi saa moja na nusu baadaye. Una saa tatu, kuingia, kutembea na kutoka.

Ratiba ya mwezi 14, maji yakijaa karibu saa tisa mchana: ondoka Lamu saa saba kwa dau la tanga, au saa saba na dakika 20 kwa boti ya injini. Ingia horini saa nane kasoro robo. Tembea mpaka saa tisa na dakika 20. Saa tisa na nusu uwe chomboni.

Nenda kwanza msikitini, uone nguzo iliyosimama juu ya kibla. Kisha toka nje ya ukuta wa mji, kwenye kaburi la nguzo. Watu wa Shela wanahesabu asili yao hapo na huja kuomba mvua. Usipande juu ya kaburi wala kuegemea.

Kabla ya kulipa, muulize nahodha manne haya: Bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa? Mafuta na chakula vimo? Majaketi ya kuokolea yanatosha watu wote, pamoja na watoto? Na upepo ukikata, una injini au tutapiga kasia? Anayekasirika kwa swali la nne, mshukuru na uende kwa mwingine. Toa sehemu ndogo ya malipo, nyingine mkirudi.

Ndani ya dau, kaa utakapoelekezwa. Tanga likigeuzwa, foromali (mti ubebao tanga) na kamba ya demani hupita kwa nguvu. Inamisha kichwa na usishike kamba usiyoijua. Dau likienda kwa kubisha, yaani kwa kukata upepo wa mbele, safari ya nusu saa huweza kuwa saa moja na nusu. Ndiyo sababu ya kuondoka mapema.

Hatua ya 6: Siku ya tatu

Acha wazi. Au nenda Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, kwa mafundi wa vyombo. Omba kuona kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta husokotwa, ikapigwa kwa patasi katikati ya mbao mbili mpaka isiingie tena. Mlio wa nyundo hubadilika ufa ukijaa; fundi husikiliza zaidi kuliko anavyotazama.

MASWALI

Mama Wawili, Nakuru: Asante kwa somo. Watoto wangu wana miaka 5 na 8. Waogelee maji yakiwa vipi?

Jibu: Karibu, mama. Mbele ya kijiji cha Shela, saa moja kabla ya maji kujaa hadi yanaposimama. Yakianza kutoka, watoeni. Mkondo wa kutoka huvuta kuelekea bahari kuu, na kona ile ambapo mkondo unakutana na ufuo mrefu si ya watoto hata siku moja. Maji yakikupwa waache wacheze kwenye vidimbwi, lakini waburute nyayo mchangani badala ya kuinua mguu. Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia, na akisikia mtetemo huondoka. Akichomwa mtu, tumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, nusu saa na zaidi, huku mkimpeleka hospitali. Mtu mzima ayapime maji kwanza kwa mkono wake, mtoto asiungue.

Mstaafu wa Thika: Magoti yangu mabovu. Gatini kuna ngazi?

Jibu: Zipo, mzee, na zile za chini zina utelezi wa majani ya bahari. Panda chombo maji yakijaa. Ubavu wa dau huwa karibu na usawa wa gati na unavuka hatua moja. Maji yakikupwa utashuka ngazi zote. Takwa huenda ukakanyaga maji na tope kabla ya kufika nchi kavu, kwa hiyo njoo na fimbo na viatu vinavyofungwa nyuma. Ndara hubaki topeni.

Kijana wa Kizingitini: Hesabu ya dakika 50 ina kasoro. Kwenye bamvua maji huchelewa kwa dakika 35 au 40 tu kwa siku, na kwenye maji mafu hupita saa nzima. Mtu akihesabu mpaka mwezi 5 atakosea karibu nusu saa.

Jibu: Umesema kweli, kaka. Hamsini ni wastani. Wenye safari ya Takwa siku za bamvua watumie 40, na katika maji mafu watumie 60. Tena katika maji mafu hori huwa na kina kidogo hata yakijaa, kwa hiyo zile saa tatu zipunguzeni ziwe mbili, na mchukue chombo chepesi.

Dada wa Kisauni: Nimepata likizo mwezi wa Ramadhani. Nije au nisije?

Jibu: Njoo, dada. Mchana migahawa mingi imefungwa na mji umetulia; kama hufungi, kula ndani ulikofikia. Safari za dau ziwe fupi na ziishe mapema, nahodha awahi kufuturu kwake. Usiku ndipo mji unapoamka: kaimati, sambusa, juisi ya ukwaju, watu barazani mpaka daku. Hesabu ya maji nayo inakuwa rahisi, kwani kila mtu anajua ni mfungo wa ngapi, na hiyo ndiyo tarehe ya mwezi mwandamo.

Mstaafu wa Thika: Na Manda Toto, kile kisiwa kidogo cha kutazamia samaki? Kijana mmoja ameniahidi Julai.

Jibu: Julai kusi imekoza, mzee. Hata mkifika, maji yamechafuka na samaki hawaonekani. Mwambie akupeleke Desemba hadi Machi, kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) ikiwa tulivu, na kama umeshampa amana ya Julai uigeuze iwe ya Takwa.